SHERIA ITANGULIE MTAMBO



Mwaka 2019 Serikali ya Kenya iliwaandikisha watu kwa alama za vidole katika mpango wa Huduma Namba, ikisema ni kwa wepesi wa kuhudumiwa. Wanubi, ambao kwa miaka mingi wamesailiwa kuliko wenziwao kabla ya kupewa kitambulisho, waliuliza: asiye na karatasi ataandikwa wapi? Wakaenda mahakamani.

Januari 2020 majaji watatu walikataza kuchukuliwa vinasaba vya watu na kunakiliwa mahali wakaapo kwa satelaiti, wakaamuru mpango usiendelee mpaka ziwepo kanuni madhubuti. Serikali ikaharakia kutoa kadi. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikautangua uamuzi huo, kwa kuwa hatari kwa siri za raia haikupimwa kwanza, kama Sheria ya 2019 ilivyoagiza.

Hatuupingi mtambo, twapinga mtambo kuitangulia sheria. Kufuli huvunjwa likabadilishwa. Alama ya kidole ikishaibiwa haina badali. Nasi wa visiwani, tuujuao uzito wa kitambulisho, tuulize kabla ya kutia kidole: nani atatunza, na kwa sheria gani? Tahadhari kabla ya hatari.