Bahari Hupimwa, Mvuvi Huambiwa



Wakazi wengi wa pwani wamewahi kuiona mashua ya wataalamu. Hutia nanga karibu na miamba ya matumbawe, watu huzamia na vibao vya kuandikia, huhesabu samaki, kisha huenda zao. Miaka kadhaa baadaye hufika ofisa wa serikali na tangazo: hapa pasivuliwe, wavu huu ni marufuku. Mvuvi haambiwi kwamba mambo hayo mawili yana uhusiano.

Yanao, wala hatusemi kuwa uhusiano huo ni mbaya. Serikali isiyo na wataalamu hutunga sheria gizani, nao wataalamu wasiosikilizwa na serikali hujaza makabati tu. Nchi yetu ilitambua jambo hilo ilipoanzisha Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kule Zanzibar, mwaka 1978, na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi mwaka 1980.

Tutazame Mafia. Mwaka 1975 baadhi ya miamba yake ilitangazwa kuwa hifadhi, lakini tangazo likabaki karatasini, na baruti zikaendelea kulia. Tangu mwaka 1989 Chuo Kikuu, pamoja na watafiti wa kujitolea kutoka Uingereza, kiliichunguza miamba hiyo. Ikafuata Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994, na mwaka 1995 Mafia ikawa na hifadhi ya bahari ya kwanza nchini. Wenyeji, ambao kwa muda mrefu walikuwa wamelalamikia baruti za watu wa nje, waliona nafuu. Hata hivyo, nyavu za kukokota zilipokatazwa, nafuu ile iligeuka manung'uniko, kwani wapo waliozitegemea kwa chakula cha watoto wao. Sheria inataka serikali za vijiji zishauriwe. Lakini kuitwa mkutanoni ili kusikiliza uamuzi uliokwisha kupitishwa si kushauriwa.

Yuko atakayetuuliza: mvuvi asiyesoma atamshauri nini mtaalamu? Jibu lipo mbali sana na kwetu, huko Newfoundland, nchini Kanada. Watu wa huko waliishi karne nyingi kwa samaki wa maji baridi ambaye vitabu humwita chewa (si chewa wetu wa miambani). Katika miaka ya 1980 wataalamu wa serikali walikadiria kuwa samaki huyo ni tele. Makadirio hayo yaliegemea sana mavuno ya meli kubwa, ambazo huwafuata samaki mahali walipojikusanya, na hivyo huendelea kujaza hata bahari inapokwisha. Wavuvi wadogo wa ufukoni walisema samaki wanapungua. Mwaka 1986 chama chao kiliwaomba wanabiolojia wa chuo kikuu wayapitie makadirio hayo, nao wakakuta yamepita kiasi. Hawakusikilizwa kwa wakati. Tarehe 2 Julai 1992 uvuvi ulifungwa, na watu wapatao 30,000 wakapoteza kazi. Katazo lililotangazwa kuwa la miaka 2 liliondolewa rasmi mwaka 2024.

Basi serikali na wataalamu wanaweza kukosea pamoja, na gharama akailipa mtu ambaye hakuwapo mezani.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa walei katika parokia za pwani, wakishirikiana na majirani zao Waislamu, ambao ndio wengi kati ya wavuvi wetu, waulizie jambo hili katika mkutano mkuu wa kijiji. Watafiti wakifika, waeleze wametumwa na nani, nani anawalipa, na lini watarudi kuyasoma matokeo mbele ya wanakijiji, kwa Kiswahili. Mara nyingi matokeo hayo hulala maktabani kwa Kiingereza. Nakala moja ibaki katika ofisi ya kijiji, na mvuvi aliyewaonyesha watafiti mwamba apewe nafasi ya kusema pale walipokosea kuhesabu.