Gari la Kizamani na Sanduku la Mama

Juma lililopita tulipokea barua ya bibi mmoja wa Mombasa ambaye bwana wake, baada ya kustaafu kazi ya bandarini, ameazimia kununua gari la Kiingereza la zamani. Halitaki kwa biashara wala kwa safari za mbali. Anataka gari la kumpeleka msikitini siku ya Ijumaa, la kuwachukua wajukuu ufuoni jioni, na la kuliosha kwa mkono wake baada ya alasiri. Bibi huyo hakutuuliza kama jambo hilo lina busara. Amekwisha kuridhia, maana bwana wake, asema, ameitumikia nyumba miaka mingi bila ya kujitakia kitu. Aliuliza hili tu: katika magari hayo, ni lipi ambalo halitakula akiba yao ya uzeeni? Kisha akaongeza maneno yaliyotugusa: "Mafundi watazungumza naye, si nami, lakini fedha zitatoka katika sanduku langu."

Jibu letu ni fupi: na atafute Morris Minor ya bodi ya kawaida, iliyoundwa mwaka 1962 au baada yake. Maelezo ndiyo marefu.

Gari hili lilionyeshwa kwa mara ya kwanza London mwaka 1948. Aliyelibuni ni Alec Issigonis, mzaliwa wa Izmir, mji wa bandari wa Uturuki, na ndiye huyo huyo aliyekuja kubuni Mini. Yaliundwa zaidi ya magari 1,600,000 kabla ya kazi kusimamishwa mwaka 1971, na hapana gari la Kiingereza lililowahi kufikia milioni moja kabla yake. Wingi huo ndio rehema ya mnunuzi wa leo. Injini yake, ambayo tangu 1962 ilikuwa ya sisi 1098, ni ya ukoo mmoja na injini za Austin na Mini, na ukoo huo uliendelea kuundwa hadi mwaka 2000. Vipuri vyake vingali vikitengenezwa Uingereza, na vingi ni vidogo kiasi cha kuingia katika sanduku la ndugu ajaye likizo.

Bwana huenda akaitamani Mini. Ni gari la kupendeza, lakini giaboksi yake imewekwa chini ya injini, zote mbili zikinywa oili moja. Fundi akitaka kuifikia giaboksi hana budi kuing'oa injini pamoja nayo. MGB ya wazi ina viti viwili, na wajukuu watabaki barazani wakilia. Land Rover za kale twazistahi, ila bodi yake ya aluminiamu huwahadaa watu: juu pamesalimika, na chini fremu ya chuma imekwisha kuliwa. Triumph Herald tungeiweka ya pili. Boneti yake hufunuka pamoja na mabawa ya mbele, hata fundi akaketi juu ya tairi akafanya kazi kama mshonaji penye cherehani yake.

Sasa tuje kwenye kutu, kwa kuwa hapo ndipo akiba huokoka au hupotea. Injini ya Morris ikichoka hufunguliwa ikafanywa upya, na gharama yake hujulikana kabla ya kazi kuanza. Bodi haiko hivyo. Gari hili halina fremu ya peke yake. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu, na hewa yetu ya chumvi haina huruma. Kwa hiyo twamwambia bibi huyu aende naye kulitazama gari, na asiwaachie wanaume boneti. Ainue mazulia atazame sakafu. Apapase kingo zilizo chini ya milango. Afungue mlango wa dereva na kuufunga polepole: ukishuka au ukigoma kuingia mahali pake, huenda ni bawaba tu, lakini huenda pia gari limepinda kiunoni. Kisha mtu alale chini atazame mahali springi za nyuma zinaposhikizwa na bodi, na vyuma vya mbele vinavyobeba injini. Na achukue kisumaku kilichofungwa kitambaa laini. Pale ambapo hakishiki, chini ya rangi nzuri hamna chuma, mna unga wa kuzibia mashimo. Gari baya lenye chuma kizima ni rahisi kuliko gari linalong'aa lililojazwa unga.

Iko aina yenye mbao nyuma, iitwayo Traveller. Sisi watu wa pwani, wapenzi wa milango ya nakshi, hutekwa nayo upesi. Tafadhali aiache. Mbao zile si pambo. Ndizo zinazoishikilia sehemu ya nyuma ya gari, na zikioza kwa unyevu kazi yake ni ya seremala na fundi wa magari kwa pamoja, kila mmoja na ujira wake.

Yako mambo matatu ambayo mafundi vijana, pamoja na ustadi wao, huenda wasiyajue. Kitundu cha kujazia mafuta ya breki kimo chini ya zulia, miguuni pa dereva, wala hakiko chini ya boneti. Umeme wake umegeuzwa: waya wa chanya ndio uliofungwa kwenye bodi, na atakayefunga redio au betri kwa mazoea ya magari ya leo ataunguza vitu. La tatu ndilo kubwa. Gurudumu la mbele huzunguka juu ya kiungo chenye hesi kinachotaka girisi, na kikikaushwa hesi hulika hadi kiungo kikaachia. Mmoja wetu angali akumbuka utotoni gari la baba yake lilipoinama ghafula penye kona, gurudumu limelala ubavu chini ya bawa. Alhamdulillahi mwendo ulikuwa wa pole. Girisi itiwe kila miezi mitatu, gari litembee au lisitembee, na tarehe iandikwe ukutani jikoni ambako bibi ataiona. Na kwa kuwa mengi ya magari haya hayakuwekewa mikanda ya viti vya nyuma, fundi aifunge mikanda madhubuti kabla ya mjukuu yeyote kupanda.

Jambo la karatasi lisidharauliwe. Sheria ya kuingiza magari nchini haipokei kwa kawaida gari lililotumika lipitalo miaka minane, hivyo la kununuliwa litafutwe miongoni mwa yale yaliyomo nchini tayari. Mengi yamo majumbani, na mara nyingi kitabu kingali na jina la marehemu. Hapo mnunuzi asiharakishe. Kijana anayeuza "gari la baba" huenda hana ruhusa ya kuliuza. Gari hilo ni mirathi, mna humo thumuni ya mjane na mafungu ya mabinti. Waulizwe wote, mauzo yaandikwe mbele ya mashahidi, na namba iliyogongwa kwenye gari ilinganishwe na ile ya kitabuni. Tumewahi kuona nyumba mbili zilizokuwa zikipelekeana futari zikaacha kusalimiana kwa ajili ya gari ambalo halikuwa hata na tairi.

Kuhusu fedha, tumemshauri azigawe mafungu matatu: mawili ya kununulia, na la tatu libaki sandukuni kwa ajili ya mwaka wa kwanza, maana mipira ya breki, matairi na nyaya zilizochakaa hazitangoja. Ikiwa bei inalitaka fungu la tatu pia, gari hilo si lao.

Ametujibu kwamba Jumamosi, inshallah, wanakwenda Malindi kulitazama moja la mwaka 1965, la kijani. Kisumaku amekwisha kukipata, na amechukua leso kuukuu ya kulalia chini.