Eti mji ulikuja na Mjerumani?

Wadau, leo naomba nigombane kidogo. Hapa kampasi kuna kauli imezoeleka, mpaka kwa sisi tunaojiandaa kuwa walimu: eti Karagwe palikuwa porini tu, migomba na ng'ombe, mji ukaja na Mjerumani. Mimi ni wa Kituntu, Mnyambo (sio Mhaya jamani, tushasema sana), na hilo silikubali hata kidogo.

Hivi mmeshasikia habari za Kafuro? Huo ulikuwa mtaa wa wafanyabiashara Waarabu, bondeni katikati ya milima, sio mbali na Bweranyange kwa mfalme Rumanyika. Misafara ilipanda kutoka pwani kupitia Tabora na nguo, shanga na nyaya za shaba, ikateremka na pembe za ndovu. Speke alipopita mwaka 1861 aliukuta. Stanley naye alifika mwaka 1876 na kumkuta tajiri wake, Hamed Ibrahim. Utawala wa Mjerumani huku ni mambo ya miaka ya 1890. Sasa nani kamtangulia mwenzake?

Na Kiswahili je? Speke mwenyewe kaandika kwamba Rumanyika alimsalimia kwa Kiswahili kizuri. 1861 hiyo, bana! Hakuna cha shule wala redio. Ni biashara ya jirani tu.

Ila nanyi wazawa wenzangu msianze kushangilia. Utajiri wa Hamed, kwa maelezo ya Stanley, ulikuwa ng'ombe, pembe na watumwa. Watumwa, yaani watu waliokuwa na kwao na wazazi wao, na hakuna aliyejali kuandika majina yao. Anayesimulia mfalme na shanga halafu akawaruka hao, anadanganya sawasawa na yule wa "porini".

Kwa nini nakomaa na hili? Kwa sababu kesho chaki tunashika sisi. Mimi nimekariri Kilwa, Bagamoyo na Ujiji mpaka basi, Kafuro ya kwetu nimekuja kuijua chuoni. Basi ukienda mazoezi ya kufundisha, ukichora ile ramani ya misafara ubaoni, usiishie Tabora. Vuta mstari kaskazini mpaka Karagwe, weka nukta, andika Kafuro. Watoto wakiuliza nini kiliuzwa pale, wajibu vyote.

Nawasilisha. Mwenye hoja aje nayo, mwenye matusi abaki nayo.