Katuni Isile Jioni Yenu

Mume wangu anatengeneza katuni hapa Oloipiri kwa kompyuta kuukuu. Katuni yake inakula picha 24 kwa sekunde. Dakika moja ni 1,440! Akitaka tu kuona mhusika anavyotembea, jioni yetu inaishia kwenye kusubiri.

Nikampa sharti: majaribio ayafanye kwa nusu ya upana na nusu ya urefu. Hapo kompyuta inachora robo tu ya nukta. Miti, nyasi na vivuli avifiche kwanza. Mwendo utaonekana bila hivyo. Urembo usubiri kazi ya mwisho, usiku tumelala, betri ya sola ikiwa imejaa.

Wapendanao, rasimu inatosha kwa mashine. Mwenzako usimpe rasimu.