Ngitili na Uhai wa Wanyama Wetu

Wako miongoni mwetu watu wanaodhani kwamba kuwahifadhi wanyama wa porini ni kazi ya Serikali peke yake. Ukiwauliza wanyama wa Tanzania wako wapi, watakutajia Serengeti, Ngorongoro na Rubondo. Kijiji chao wenyewe hawatakitaja kamwe. Wako pia wanaosema kwamba mtu kutenga ardhi yake kwa ajili ya miti na viumbe ni desturi ya kigeni, ya matajiri wenye mashamba makubwa yaliyozungushiwa nyaya. Sisi tunasema kwamba mawazo yote mawili ni kasumba, na kwamba kasumba hiyo inaelekea kutumalizia viumbe ambao hifadhi kubwa peke yake haziwezi kutuwekea.

Katika wilaya ya Kahama, na katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi kwa jumla, wazee wetu walikuwa na ngitili. Ngitili ni sehemu ya ardhi inayofungwa mvua zinapoanza, ili majani yakue na miti ichipue bila kuguswa na mifugo. Kiangazi kinapokaza, na malisho ya nje yamekwisha, ndipo hufunguliwa, na wanaotangulizwa ni ndama, ng'ombe wakongwe, wagonjwa na maksai wa kulimia. Ziko ngitili za kijiji kizima, na ziko ngitili za kaya moja moja, zilizo karibu na nyumba. Hazina ukuta wala waya. Mpaka wake ni neno la jamii, na anayeuvunja huitwa mbele ya dagashida, yaani baraza la wanakijiji, akatozwa faini. Watu waliounda sungusungu ili kulinda ng'ombe wao mwanzoni mwa miaka ya 1980 hawakushindwa kulinda majani kwa nguvu hiyo hiyo.

Hebu sasa tuitazame historia, kwa maana anayetaka kujua kwa nini nchi yetu ni kipara hana budi kujua nani aliyeinyoa. Tangu miaka ya 1920 utawala wa Mwingereza uliendesha kampeni ya kufyeka mapori ya Shinyanga ili kuangamiza mbung'o. Miti ilikatwa kwa maeneo makubwa. Tena haikutosha kukata miti: kati ya mwaka 1945 na 1951 ilifanywa huko Shinyanga majaribio ya kuwaua wanyama wa porini wenyewe, ili mbung'o wakose damu ya kunyonya, na wanyama kwa maelfu walipigwa risasi. Baadaye pamba ikadai mashamba, mifugo ikaongezeka, na katika miaka ya 1970, watu walipohamishiwa katika vijiji, ngitili nyingi ziliachwa nyuma bila mwenyewe. Kitu kisicho na mwenyewe hakina mlinzi. Hata ilipofika mwaka 1986, ngitili zilizojulikana katika mkoa mzima wa Shinyanga wa wakati ule zilikuwa hekta zipatazo 600 tu.

Mwaka huo huo Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliofahamika kwa kifupi kuwa HASHI. Busara ya mradi ule ni kwamba haukuja na dawa ya kigeni. Uliwauliza wazee walifanyaje zamani, ukawarudishia watu desturi yao wenyewe. Mwanzoni mwa karne hii ngitili zilikuwa zimepita hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800, na mwaka 2002 HASHI ilipewa tuzo ya kimataifa ya Ikweta. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 ulieleza kwamba ndani ya ngitili zilizofufuliwa ilionekana miti na mimea ya aina zaidi ya 150, na ndege wa aina zaidi ya 140. Viumbe hao hawakuletwa kwa lori. Walirudi wenyewe, kwa sababu walipata pa kurudi.

Hapa ndipo hoja yetu ilipo. Hatusemi kwamba ngitili ya hekta tatu itamfuga tembo au simba. Anayesema hivyo anatania. Tembo na simba wana hifadhi zao, na ni wajibu wetu kuzilinda. Lakini wako viumbe wadogo ambao makazi yao ni kijijini, na ambao wakitoweka kijijini hawatapatikana kwa kwenda Serengeti na basi la shule.

Mfikirieni kakakuona. Katika sehemu nyingi za nchi yetu mnyama huyu ni mgeni wa heri. Anapoonekana huwekewa mbele yake maji, nafaka, jembe na mkuki, na kile atakachokiendea ndicho wazee hukitumia kuutabiri mwaka. Huzaa mtoto mmoja kwa kawaida, hula mchwa na sisimizi, wala hana silaha ila kujikunja. Magamba yake yametafutwa sana na wafanyabiashara wa Asia, hata ikabidi biashara yake ya kimataifa ipigwe marufuku tangu Januari 2017. Marufuku hiyo ni njema, lakini karatasi haimpi kakakuona kichuguu. Kichuguu kiko katika ardhi ya mtu, na mtu huyo ndiye atakayeamua kukibomoa au kukiacha.

Mfikirieni pia kasuku mdogo wa kijani, mwenye uso wa rangi ya chungwa na mdomo mwekundu, ambaye wataalamu humwita kwa jina la Fischer. Kwao ni hapa, kusini mwa Ziwa Victoria. Mwaka 1987 alihesabiwa kuwa ndege wa mwituni aliyeuzwa kuliko wote duniani. Watoto wa Ulaya walimjua kizimbani kabla watoto wetu hawajafundishwa jina lake. Ndege huyu hutaga katika matundu ya miti, hasa mikavu na mikongwe. Sasa mti mkavu ndio wa kwanza kuingia katika tanuri la mkaa.

Watatujibu: "Ardhi haitoshi. Kahama ni mji wa dhahabu, watu wanaongezeka, mkaa unatakiwa, tumbaku inataka kuni za kukaushia." Ni kweli kwamba mahitaji hayo yapo. Lakini dhahabu ina mwisho. Mgodi wa Buzwagi ulianza kuzalisha mwaka 2009, na kufikia mwaka 2021 ulikuwa umekwisha kusimamisha uzalishaji, wakati ngitili iliyotunzwa hutoa majani kila kiangazi, na kuni, na asali, na dawa, na miti ya kujengea. Aliyeifyeka ngitili yake kwa magunia ya mkaa ameuza ng'ombe kwa bei ya maziwa ya siku moja.

Watasema tena kwamba tunataka kuleta ubepari wa ardhi. Hasha! Huko Kenya mashamba makubwa ya watu binafsi, kama Solio tangu mwaka 1970, yamewaokoa faru, nasi tunaipongeza kazi hiyo. Lakini mashamba ya namna hiyo yana historia yake ya kikoloni, na si mfano wetu. Kwetu ardhi ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamwezesha mwanakijiji kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Ngitili inaweza kulindwa kwa hati hiyo bila mtu yeyote kuwa kabaila.

Hata hivyo, hatuna budi kusema ukweli kwamba mwenye ngitili ameachiwa mzigo mzito. Wanyama ni mali ya Taifa, lakini fisi anayelala katika kichaka cha mtu hula mbuzi wa mtu huyo. Mkono mtupu haulambwi. Basi kifuta jasho kilichowekwa na kanuni kiwafikie wananchi kwa wakati, wala kisiwe hadithi ya kusimuliwa ofisini. Halmashauri zihimize hati za ngitili na sheria ndogo za vijiji za kuzilinda. Na kijiji kinapopanga matumizi ya ardhi, ngitili isiandikwe kuwa pori tupu linalongoja mlimaji.

Nanyi walimu, kazi yenu katika jambo hili ni kubwa. Shule nyingi zina ardhi. Fungeni kipande kimoja, hata kama ni ekari moja. Waacheni wanafunzi wahesabu kila mwaka ni ndege gani wamerudi, na wawaulize bibi na babu zao majina ya ndege hao kwa Kisukuma, Kinyamwezi na Kisumbwa, kabla majina hayo hayajazikwa pamoja na wenye kuyajua. Mwacha asili ni mtumwa. Utamaduni wa Taifa si ngoma na mashairi tu. Umo pia katika namna mtu anavyouacha mti usimame katika ardhi aliyo na uwezo wa kuufyeka.