Mteremko wa Murang'a



Sisi wa pwani tumezoea baiskeli ya ardhi tambarare, ya mwuza mikate na ya mtoto atumwaye dukani. Likizo iliyopita tulikuwa wageni wa familia moja ya Kiislamu mjini Murang'a. Nchi ile imekatwakatwa na mito, Mathioya na Maragua ikiwamo, hata kutoka mtaa mmoja kwenda wa pili huwa ni kushuka bondeni na kupanda tena. Kijana wa nyumba ile, mwenye miaka 15, aliuteremka mlima mbele ya macho yetu. Hakukaa kitini. Alikaa juu ya chuma kinachounganisha kiti na usukani, kidevu mbele, kifua kimelala. Mama yake hakusema neno mpaka alipomwona amesimama salama chini.

"Dada zangu," akatuuliza, "nimkataze ama nimwache? Anataka kuwa Froome."

Tulimwelewa kijana. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, na ubingwa wake ulianzia kusini tu mwa Murang'a, katika kaunti jirani ya Kiambu. Mama yake, Jane, alimkabidhi kwa David Kinjah, mwendeshaji hodari aliyekuwa akilea vijana katika kijiji cha Mai-a-Ihii, karibu na mji wa Kikuyu. Kwa baiskeli za milimani walishuka na kupanda njia za vumbi. Neno tulilolishika hapo ni hilo la kumkabidhi. Jane hakumfungia mwanawe nyumbani, wala hakumwachia barabara imfunze. Alimtafutia mtu mzima anayeijua kazi. (Wengi wetu huanza kwa kutafuta baiskeli, na mwalimu tukamsahau.)

Jane alifariki mwaka 2008, mwaka ule ule mwanawe aliposhiriki Tour de France kwa mara ya kwanza. Hakumwona akiyashinda mashindano hayo mwaka 2013, wala 2015, 2016 na 2017.

Mkao wa yule kijana tuliutambua. Tarehe 9 Julai 2016, katika milima ya Pyrenees, Froome aliwaponyoka wenzake kileleni mwa Peyresourde, akaketi juu ya chuma kile kile huku akikanyaga pedali, akafika mjini Luchon wa kwanza kwa sekunde 13. Siku hiyo akavaa fulana ya manjano ya kiongozi. Mkanda wake umezagaa simuni, na vijana wanauona ushindi bila kuyaona mengine. Mwezi Juni 2019, bingwa huyo huyo alikuwa akiikagua njia ya mbio huko Roanne, Ufaransa. Aliondoa mkono mmoja usukanini ili apenge kamasi, upepo ukampiga, naye akagonga ukuta kwa kasi. Alivunjika paja, kiwiko na mbavu. Alirudi mashindanoni, ila Tour de France hakuishinda tena. Na tangu Aprili 2021 mkao ule wa kuketi juu ya chuma umepigwa marufuku katika mbio rasmi za barabarani.

Hilo la marufuku kijana hakulijua. Tulipomweleza alitutazama kwa mashaka, kama tulioitunga habari hiyo ili kumfurahisha mama yake. Kisha akataka kujua kama Kinjah angali anafundisha.

Mama hakungoja jibu letu. Alimwambia ailete baiskeli uani, akainama, akabana breki ya nyuma. Gurudumu likaendelea kuzunguka. Raba zilikuwa zimelika mpaka kwenye chuma. Na mlima ule kijana alikuwa akiuteremka kila jioni.

Baiskeli ilifungiwa stoo usiku ule, na ufunguo ukafungwa pembeni mwa leso. Jumamosi, akasema, watakwenda wote wawili kwa fundi, naye atasimama pale pale mpaka breki zishike, kisha wamuulize fundi ni nani mjini hapo anayefunza vijana. Sisi tuliondoka Ijumaa baada ya sala. Kijana alitubebea mizigo hadi stendi, kwa miguu, na njia nzima alizungumzia Luchon.