Baa Zilifunguliwa, Madarasa Yakabaki na Kufuli

Machi 15, 2020, siku mbili tu baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini Kenya, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru shule zifungwe. Uamuzi huo siulaumu. Ugonjwa ulikuwa mgeni na hofu ilikuwa ya haki. Nalaumu yaliyofuata. Ndege za ndani ziliruka tena Julai. Za kimataifa zikarudi Agosti. Mwisho wa Septemba baa zikaruhusiwa kuuza pombe. Msichana wa kidato cha pili hapa Siongiroi, Chepalungu, katika Kaunti ya Bomet, aliruhusiwa kurudi darasani Januari 4, 2021. Soma tarehe hizo tena, uone taifa hili lilimtanguliza nani na kumsahau nani.

Korona yenyewe haikuwaua vijana wengi. Kilichowaumiza ni kufungiwa nje ya shule. Shuleni ndiko walikopata wenzao, sodo za bure zilizoahidiwa na sheria ya 2017, na mwalimu wa kugundua mtoto aliyenyamaza ghafla. Lango lilipofungwa, yote hayo yalifungiwa ndani.

Tukaambiwa masomo yangeendelea redioni, kwenye runinga na mtandaoni. Julai 2020 maputo ya kampuni ya Loon yakaanza kutoa intaneti kutoka angani, na Bomet na Kericho zikatajwa katika orodha ya wanufaika. Mzazi anayeishi kwa malipo ya maziwa au kwa kuchuma chai alikuwa na simu gani ya kumwachia mtoto mchana kutwa? Mapema 2021 kampuni ikatangaza kwamba inafunga kazi. Walioachwa chini walikuwa na jembe, mitungi ya maji, na saa nyingi bila mtu mzima wa kuwaangalia.

Matokeo yanajulikana. Utafiti wa Siaya uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la BMJ Global Health ulionyesha kwamba wasichana wa sekondari waliopitia kipindi hicho cha kufungwa kwa shule walikuwa na hatari maradufu ya kupata mimba kabla ya kumaliza shule, na hatari mara tatu ya kuacha masomo. Shirika la Population Council lilipowafuatilia vijana wa Nairobi, Kisumu, Kilifi na Wajir, lilikuta asilimia 16 ya wasichana na asilimia 8 ya wavulana hawakurudi shule zilipofunguliwa Januari 2021. Asidhani mtu kwamba Chepalungu iliepuka. Umaskini ni uleule, kufuli lilikuwa lilelile, na mwanamume mwenye noti ya mia mbili hakosekani hapa.

Msiniambie wasichana waliharibika. Mtoto wa miaka 15 hajipi mimba. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inasema aliyemgusa ni mhalifu, na mzee anayekaa kumaliza kesi hiyo nyumbani kwa ndama mmoja anamficha mhalifu.

Na wavulana? Wengine walionja pesa za bodaboda, wengine chang'aa. Waliorudi walipokewa na kalenda iliyobanwa ili kufidia muda uliopotea. Jopo la afya ya akili la Dkt. Frank Njenga lilikuwa limependekeza mwaka huohuo wa 2020 kwamba afya ya akili itangazwe dharura ya kitaifa. Hata hivyo, wanafunzi walipoanza kufanya fujo, Waziri wa Elimu George Magoha alitaka kiboko kirudishwe. Novemba 2021 mabweni yalikuwa yakiteketea hadi wizara ikawapa wanafunzi likizo fupi. Vijana walikuwa wamejaa uchungu na sisi tukatafuta fimbo!

Janga jingine litakuja. Likija, shule ziwe za mwisho kufungwa na za kwanza kufunguliwa, kabla ya baa yoyote. Sodo na ushauri nasaha viwafikie vijana kupitia vituo vya afya na wahudumu wa afya wa vijijini, lango la shule liwe wazi au limefungwa. Kaunti ya Bomet iandike mpango huo sasa, kungali shwari.

Na wale wa 2020 hatujamalizana nao. Mwongozo wa serikali wa mwaka huohuo unampa msichana aliyejifungua haki ya kurudi shuleni. Mwalimu mkuu, usimfukuze langoni. Mzazi, mlee mjukuu, binti yako asome. Chifu, mkamate aliyempa mimba.